Tulivyomtoa tembo kwenye maonyesho ya kaunti huku Massachusetts (mabango hayakusaidia hata kidogo)

Mpare_Ughaibuni (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Huu uzi nimeuahidi tangu mwaka jana, kila nikikaa kuandika zamu inaniita. Leo nipo nyumbani, mvua inanyesha, ngoja niuteme.

Kabla hamjanirukia: mimi si mtu wa kulilia tembo. Nimezaliwa Same, upande ambao tembo wakitoka hifadhi ya Mkomazi wanapitia shambani kwanza ndipo wanafika kwenye maji. Nilipokuwa darasa la sita waliingia kwenye mahindi ya baba usiku mmoja. Tulikesha tunapiga madebe na kurusha vijinga vya moto, asubuhi hakuna hata gunzi la kuchoma. Kwa hiyo huyu anayeandika hapa hakumjua tembo kwenye katuni.

Sasa huku. Kuelekea mwisho wa kiangazi karibu kila kaunti ina maonyesho yake ya kilimo. Chukua Nane Nane, ongeza mabembea, maandazi makubwa kama sahani yaliyomwagiwa sukari, mashindano ya boga zito, na ng'ombe waliosuguliwa mpaka wanang'aa kuliko gari la bwana harusi. Mimi napenda sana, sitaki kudanganya. Naenda kila mwaka kuangalia mbuzi tu.

Mwaka 2017 nilimpeleka binti yangu, alikuwa na miaka mitano. Nyuma ya banda la kondoo kulikuwa na kiduara kimezungushiwa uzio wa mabomba, na foleni ndefu ya watoto. Tembo jike. Watoto wanapanda ngazi mpaka kwenye jukwaa la mbao, wanakaa kwenye kiti cha chuma kilichofungwa mgongoni mwake, anazunguka, wanashuka, wanapanda wengine. Nilitazama saa: mzunguko mmoja haufiki dakika mbili. Masikio mapana, mgongo umebonyea katikati. Nikasema huyu si wa India, huyu ni wa kwetu.

Kilichonitoa kwenye foleni si kiti. Kila akisimama kusubiri kiti kijae, alikuwa anayumba. Kushoto, kulia, kichwa kinafuata, kushoto, kulia, vilevile bila kukosea. Binti akaniuliza, "Baba, anacheza muziki gani?" Hapakuwa na muziki. Tembo wa Mkomazi nimewaona usiku na mchana, wamekasirika, wameshiba, wananyonyesha, sijawahi kumwona hata mmoja akifanya vile. Baadaye nikasoma kwamba kuyumba huko ni ugonjwa wa kufungwa, mnyama wa porini hana.

Kijana aliyemwongoza alishika fimbo fupi yenye ncha ya chuma na kulabu, ameizungushia utepe mweusi wa mafundi umeme ili chuma kisionekane. Hakumpiga, niseme ukweli. Aligusa tu nyuma ya sikio, na mnyama wa tani karibu tatu akageuka kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu wa zamu. Aliyewahi kuchunga ng'ombe ananielewa: mnyama haiogopi fimbo ambayo haijawahi kumuuma.

Nikamuuliza ametoka wapi. "Afrika." Afrika ya wapi? Akacheka, hajui. Nilichokuja kujua ni kwamba wengi wa tembo wa Afrika waliopo kwenye sarakasi na maonyesho ya Marekani walikamatwa wakiwa watoto miaka ya 1970 na 1980, kusini mwa bara letu, wakati makundi yao yakipigwa risasi kwa jina la kupunguza idadi. Mkubwa anauawa, mdogo anauzwa.

Basi, Septemba 2018 tukaenda getini na mabango. Tulikuwa tisa: mwalimu mstaafu mmoja wa Kizungu, wanafunzi wa chuo, Mkongomani mmoja tunayefanya naye kazi, na mimi. Bango langu lilichorwa na binti, tembo akatoka kama nguruwe aliyevimba. Tukasimama saa tatu juani. Unajua nini kilitokea? Waliokuwa hawajui kama kuna tembo wakajua. Nilimsikia mama mmoja anamwambia mwanawe, "Kumbe kuna tembo, twende!" Tulifanya kazi ya matangazo bure.

Mchana akatoka mzee mmoja wa kamati ya maonyesho, kofia kichwani, amebeba trei ya maji ya ndimu yenye barafu. Nikajua tunafukuzwa kistaarabu. Akatugawia glasi, akasema maneno ambayo ndiyo sababu ya uzi huu: "Nyinyi mmekuja tembo yupo kwenye lori. Mngekuja Januari."

Maana yake ni hii. Tembo si mali ya maonyesho. Kuna mwenye wanyama anayezunguka nao mji hadi mji, na kamati inasaini naye mkataba kama inavyosaini na mwenye mabembea na mwanamuziki. Waandaaji wa maonyesho nchi nzima wana mkutano wao mkuu mwishoni mwa Novemba au Desemba, na wenye burudani wanakwenda hukohuko kujinadi. Kwenye baridi, watu wakiwa wamejifunika mablanketi, ndipo Septemba inapouzwa. Ukija Septemba yenyewe unaongea na watu walioshalipa malipo ya awali.

Januari 2019 tukaomba nafasi kwenye kikao cha kamati. Hatukuleta picha za damu. Mwalimu wetu alikuwa amekusanya taarifa za ukaguzi za Wizara ya Kilimo ya Marekani, maana kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 1966 mwenye kuonyesha wanyama lazima awe na leseni na akaguliwe. Kuzipata ilikuwa shughuli: Februari 2017 wizara ilizifuta nyingi mtandaoni, zikarudi 2020 baada ya Bunge kuamuru. Sisi tulizipata kwa vikundi vya kutetea wanyama vilivyokuwa vimeshazihifadhi. Na msifikiri sheria hiyo ni kali. Haikatazi kulabu, haikatazi mnyororo.

Mimi nilipewa dakika tatu. Sikuzungumzia huruma. Niliuliza swali moja kwa mhasibu: bima yenu inasemaje tembo akichachamaa akiwa na watoto mgongoni? Nikawatajia Palm Bay, Florida, Februari 1992, tembo aitwaye Janet alichachamaa akiwa amebeba watoto, na ikaishia kwa polisi kumpiga risasi. Na Honolulu, Agosti 1994, tembo wa Afrika aitwaye Tyke alimuua mkufunzi wake mbele ya watazamaji, akatoka barabarani, polisi wakamfyatulia risasi zaidi ya 80. Kisha nikawaambia ninakotoka, na kwamba kwetu hakuna mzazi mwenye akili anayemkabidhi mtoto wake kwa tembo kwa sababu tu kuna kijana ameshika kijiti.

Mhasibu aliandika kitu kwenye karatasi. Hicho tu. Mwezi Machi tukapata barua: kampuni ya bima imetaka nyongeza ambayo kamati haiwezi, tembo hatakuwepo mwaka huu, badala yake kutakuwa na mbwa wa kuruka kwenye bwawa. Mbwa wenyewe walijaza uwanja kuliko tembo.

Septemba hiyohiyo ya 2019, kwenye maonyesho makubwa ya Big E kule West Springfield, tembo mmoja mzee wa Asia aitwaye Beulah alianguka akafa hukohuko maonyeshoni. Mhasibu alinipigia simu jioni. Hakusema mengi. "Nimesoma habari," akasema, akakata.

Siku hizi ni sheria. Gavana Maura Healey alisaini Agosti 2024, na tangu 1 Januari 2025 tembo, paka wakubwa, dubu, jamii ya nyani na twiga hawaruhusiwi kwenye maonyesho ya kuzunguka ndani ya jimbo letu. Ila majimbo mengi bado, na najua humu kuna watu wa Texas, Ohio, Kentucky. Uzi huu ni wenu. Karibuni maswali.

Siti_ya_Dirishani

Nimeweka kambi. Mleta uzi hilo bango la nguruwe aliyevimba weka picha.

Mpare_Ughaibuni

Mkuu, binti sasa ana miaka ya kuona aibu. Amelichana.

Ruvuma_Juu

Mleta uzi nakuheshimu lakini hapa umenikera. Huku Tunduru tembo wanaingia vijijini, watu wanakufa, mashamba yanafyekwa, kifuta jasho unakisubiri mpaka unasahau ulidai nini. Wewe mtoto wa Same unayajua haya. Halafu unakwenda Marekani unampigania tembo aliyeshiba nyasi, ana daktari, analala ndani? Huyo ana maisha mazuri kuliko shangazi yangu.

Mpare_Ughaibuni

Ruvuma, sikupingi kwenye kifuta jasho. Hasira yako ninayo pia, baba mpaka anakufa alikuwa na fomu yake kwenye bahasha.

Ila angalia. Tembo aliyekula mahindi yetu alikuwa anafanya utembo wake. Tulipigana naye, mara ashinde yeye, mara tushinde sisi. Yule wa kwenye kiduara hakunidai wala hakunilia chochote. Kumtoa pale hakukuchukua senti moja kwenye bahasha ya baba. Na hilo la daktari, Beulah naye alikuwa na mwenye leseni, na bado alianguka akafa maonyeshoni mwaka 2019. Karen aliyekuwa akizungushwa naye kwenye maonyesho hayahaya, tembo wa Afrika, naye alikufa mwaka huohuo. Kuna wanasheria walikuwa wameomba mahakama za Connecticut tangu Novemba 2017 waachiliwe kama anavyoombewa mtu aliyefungwa bila haki. Mahakama zikakataa. Ndiyo maana nasema, habari ya mahakama waachieni wenye muda. Fuateni mkataba.

Ruvuma_Juu

Hapo kwenye bahasha umenigusa. Lakini bado sijakubali.

Mpare_Ughaibuni

Si lazima ukubali mkuu. Tuko pamoja.

Fundi_Bomba_Ohio

Swali la kiuchumi. Wale vijana wa kulisha, wa kukata tiketi, dereva wa lori, wanakwenda wapi? Na wanyama wenyewe mkishawapigia marufuku, watarudishwa Serengeti?

Mpare_Ughaibuni

Serengeti hapana. Tembo aliyekaa miaka 40 akiletewa nyasi kwa toroli hajui maji yako wapi, hana ukoo wa kumpokea. Kuna mahali maalum pa kuwatunzia. Mmoja unaitwa The Elephant Sanctuary, uko Hohenwald, Tennessee, tangu 1995. Hakuna tiketi za kuingia kuwaona, wanaachwa tu wapumue. Tembo aitwaye Nosey, mwenye baridi yabisi, alikamatwa na serikali kule Alabama Novemba 2017 akapelekwa huko. New Jersey ilipokuwa jimbo la kwanza kupiga marufuku wanyama hawa kwenye maonyesho ya kuzunguka, Desemba 2018, sheria ikapewa jina lake. Huyo ndiye tembo wa kwanza ninayemjua kuandikiwa sheria.

Kuhusu ajira, Ringling, ile sarakasi kubwa kuliko zote, iliwastaafisha tembo Mei 2016, mwaka mmoja baadaye ikafunga kabisa. Watu wakasema unaona sasa. Mwaka 2023 ikarudi barabarani bila mnyama hata mmoja, na inauza tiketi. Sisemi kila kijana alirudishiwa kazi yake, hilo sijui kokote linapotokea. Lakini kwenye maonyesho yetu kijana wa tembo alikuwa anakuja na lori la bosi wake na kuondoka nalo. Mama wa maandazi ndiye wa hapahapa, na mama wa maandazi yupo mpaka leo.

Mnyamwezi_Leicester

Huku Uingereza sheria ya kuzuia wanyamapori kwenye sarakasi za kuzunguka ilipita 2019, ikaanza Januari 2020. Kichekesho ni kwamba ilipoanza, England nzima walikuwa wamebaki wanyama 19 tu: kulungu wa baridi sita, punda milia wanne, ngamia watatu, rakuni watatu, mbweha mmoja, kasuku mkubwa mmoja na ng'ombe mwenye nundu mmoja. Bunge zima limekaa kumjadili zebu! Kwetu Tabora ng'ombe mwenye nundu anaitwa ng'ombe tu.

Siti_ya_Dirishani

😂😂 Zebu apewe hifadhi ya ukimbizi haraka.

Kipepeo_wa_Temeke

Mimi naomba tuguse na kwetu. Sabasaba banda la maliasili huwa wanaleta simba kwenye kizimba, foleni mpaka nje. Wanangu wameona simba kwa mara ya kwanza pale, sina uwezo wa kuwapeleka Mikumi kulipia gari na geti. Hilo nalo mtalipiga marufuku?

Mpare_Ughaibuni

Dada, hilo nimelifikiria sana na jibu langu halijakamilika. Simba wa kizimbani hafundishwi kuruka kwenye pete, na hakuna mtoto anayekalishwa mgongoni mwake. Anaangaliwa. Lakini angalia siku ukienda: ana kivuli? Ana pa kujificha macho ya watu? Spika ya banda la jirani iko mita ngapi kutoka kichwani kwake? Hayo ndiyo ningeuliza. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, kwa hiyo unauliza kwa haki, huombi hisani.

Na tusisahau Novemba 2010, twiga wetu wakapandishwa ndege pale KIA pamoja na wanyama na ndege wengine zaidi ya 100, wakaenda Qatar. Mnyama wa kuonyeshwa mbali huwa ana mtu aliyefumba macho nyumbani.

Kipepeo_wa_Temeke

Spika! Mwaka jana walikuwa wamepakana na banda la mtandao wa simu, muziki toka asubuhi. Sikuwahi kuwaza.

Nyota_ya_Kaskazini

Kaka, mimi niko Kentucky, Kiingereza changu ni cha kambini Nyarugusu. Nikisimama mbele ya kamati ya Wazungu watanisikiliza?

Mpare_Ughaibuni

Watakusikiliza kuliko mimi. Dakika tatu ni kama mistari ishirini, iandike uisome, hakuna anayecheka. Usianze na "nyinyi ni wakatili", hao ni wakulima, wengi wanawapenda wanyama wao kwa dhati na wakisikia hivyo wanafunga masikio. Anza na jina lako na mtaa unaokaa, wajue wewe ni jirani unayenunua tiketi. Uliza bima. Uliza mkataba unaisha lini. Kisha wape kitu mkononi cha kuweka mahali pa tembo, maana kamati inaogopa shimo kwenye ratiba kuliko inavyokuogopa wewe. Mbwa wa kuruka, mbio za nguruwe, mchonga sanamu kwa msumeno wa mashine, hao wote wana namba za simu na wanatafuta kazi. Na peleka kitu cha kula. Mimi nilipeleka mandazi ya iliki, yule mzee wa maji ya ndimu alikula matano.

Shangazi_wa_Bamburi

Hamjambo wanangu. Mie niko Mombasa, nimesoma uzi wote na chai imepoa. Mwaongea tembo na simba, mbona hamtaji ngamia? Hapa ufuo wa Pirates kila wikendi ngamia wapandisha watoto, juani, mchanga wachoma, na pembeni yuko mtu na chatu shingoni wa kupigia picha. Huyo si mnyama wa maonyesho?

Mpare_Ughaibuni

Shikamoo shangazi. Hata sheria ya huku haikumtaja ngamia. Kamati yetu bado ina ngamia, nimeshindwa mwaka wa tatu huu. Wanasema ngamia ni mfugo, na kwa Mborana au Msomali kweli ni mfugo. Siwezi kubishana na hilo. Ila mfugo nao una saa zake za kupumzika.

Shangazi_wa_Bamburi

Marahaba. Haya, leo nimeshuka ufuoni nikamuuliza mwenyewe, kijana mpole tu. Asema saa sita hadi saa tisa humpumzisha, nikadhani ni huruma, kumbe wateja ndio hukimbia jua. Ngamia ana kidonda chini ya kamba ya tandiko, kama shilingi ishirini hivi, amekipaka kitu cha zambarau. Nimemwambia aweke kitambaa, asema atatafuta.

Mpare_Ughaibuni

Shangazi umefanya kazi kubwa kuliko sisi tisa wa getini. Muulize kitu kimoja tu tena: kibali cha kufanyia kazi pale ufuoni anakilipa wapi?

Shangazi_wa_Bamburi

Kwa kaunti.

Mpare_Ughaibuni

Mwezi gani?

Shangazi_wa_Bamburi

Ngoja nimpigie, alinipa namba... Asema Januari.